Uso Ndani ya Utando wa Sabuni

Kama kisa hiki ningeletewa na mtu mwingine, ningemcheka mpaka akaondoka. Naanza hivyo ili ujue unasikia kutoka kwa nani. Hapa Kakamega wanaonijua watakuambia kwamba mwalimu yule wa fizikia hubishana hata matangani. Ni kweli. Nilirudi kutoka chuo kikuu kule Kampala miaka michache baada ya uhuru, nikiwa na shahada moja na ulimi mrefu kuliko shahada yenyewe. Mtu akisema fulani anajua kurusha radi, nilimwuliza radi yake ina volti ngapi. Kwa hiyo usidhani nakutolea ngano. Nakusimulia kitu kilichonipata mchana, saa kumi kasorobo, nikiwa na akili zangu na kamera mbele ya jicho.

Kamera hiyo niliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao. Wengine walinunua viti vyao na mbwa wao, mimi nikachukua kamera. Na nilikuwa na ugonjwa wangu mmoja: rangi za sabuni.

Umewahi kutazama povu kwenye beseni la nguo ukaona zile rangi zinazoogelea? Sabuni yenyewe haina rangi hizo. Utando wa sabuni ni maji membamba mno. Mwanga kiasi hurudi kutoka upande wake wa mbele, kiasi hurudi kutoka upande wa nyuma, na unapokutana njiani rangi nyingine hufutika, nyingine hubaki. Utando ukisimama wima, maji yake hushuka taratibu, na rangi hushuka nayo: waridi, kijani, dhahabu, tena waridi. Mwisho, kule juu, huingia weusi. Weusi huo si uchafu. Ni mahali ambapo utando umekonda hata haurudishi mwanga tena. Ukiuona, hesabu sekunde chache tu, utapasuka.

Nilitaka kupiga picha za rangi hizo kwa karibu, karibu kabisa, eneo la ukucha wa kidole gumba lijae picha nzima. Vifaa vya kufanyia hivyo sikuwa navyo. Nilikata kopo la kakao, nikalipaka masizi ndani ili lisirudishe mwanga, nikaliunga kati ya kamera na lenzi yake. Waya wa hanga ya nguo niliukunja mraba wa ukubwa wa kiberiti. Sabuni ya mche niliiparua kwa kisu ndani ya maji ya mvua, nikaongeza matone ya gliserini kutoka duka la dawa ili utando usikauke upesi. Shuka jeupe nililitundika karibu na dirisha la chumba cha nyuma ili utando upate weupe wa kuakisi. Kamera ilikaa juu ya matofali manne. Mke wangu Rispa alipita akatazama, akasema, "Mwalimu, ukimaliza hapo nyumbani hatutakuwa na shuka wala kakao."

Saa nzuri ilikuwa kabla ya mvua. Unajua mvua ya Kakamega, huja jioni baada ya jioni kama mtu aliyeajiriwa. Mawingu yakifunika, mwanga huwa mweupe na mpole. Lakini tone la kwanza likigonga bati, nyumba yote hutetemeka na utando hupasuka. Hivyo nilikuwa na nusu saa kwa siku.

Wakati huo huo tulikuwa na mtoto. Binti, wetu wa kwanza, wa mwezi mmoja. Mimi nilimpa jina Nuru na niliona hakuna jina lingine lenye akili zaidi. Nuru alikuwa akilia. Usinielewe vibaya, watoto hulia. Huyu alilia alfajiri na mchana na usiku, akipewa ziwa analigeukia kisha analikataa kama limepakwa shubiri. Hospitalini daktari alimpima masikio, tumbo, koo. Hakuona kitu. Alitupa maji ya sukari tumnyweshe kwa kijiko.

Sasa, kwetu mtoto akilia hivyo, wazee wana jibu. Husema yuko mtu wa ukoo, aliyekufa, anayetaka kuitwa. Mtoto hushikwa na senje, yaani dada ya baba, na majina ya marehemu hutajwa moja moja. Likitajwa lake, mtoto hunyamaza na kunyonya, na hilo ndilo jina lake. Mimi nilisema nyumbani kwangu hayo hayatafanyika. Rispa alinisikiliza, kisha akasubiri nikiwa shuleni akatuma ujumbe Lubao kwa senje wangu. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo senje huyu ndiye aliyeshika mambo ya ukoo.

Nilirudi Jumanne nikamkuta sebuleni, khanga imefungwa kifuani, mtoto mikononi, kuku aliyemleta amefungwa miguu chini ya meza. Walikuwa wamekwisha kuita majina yote. Mtoto alikuwa bado analia.

"Imekuwaje?" nikauliza. "Ukoo mzima umekataa?"

"Usicheke," Senje akasema. "Watoto wa kwetu wanalianga na sababu."

"Mngejaribu na ukoo wa jirani. Labda mtoto amekosea nyumba."

Rispa aliinamisha uso. Senje alinirudishia mtoto polepole, akajifunga kitambaa chake kichwani. "Wewe mwana wa ndugu yangu umesoma," akasema. "Hiyo ni vizuri. Lakini mtoto hajasoma." Akaenda zake, na yule kuku akabaki.

Siku nne baadaye, Jumamosi, mawingu yalifunga mapema. Rispa alikuwa chumba cha mbele akimbembeleza mtoto. Mimi nilifunga mlango wa ndani ili kilio kisinichanganye (ndiyo, nilifanya hivyo, na nimekwisha kujiuliza mtu wa aina gani hufanya hivyo), nikaacha wazi mlango wa nje wa nyuma ili mwanga uingie. Nikachovya waya, nikausimamisha, nikainama kwenye kamera.

"Unapiga picha ya maji ya kuoshea vyombo?"

Niligeuka. Kwenye mlango wa nyuma alisimama mwanamke kijana, labda wa miaka ishirini, gauni la buluu limemshika mwilini kwa maji. Mvua ilikuwa haijanyesha. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba ametoka kuteka maji bombani na ndoo imemmwagikia. Wewe ungewaza nini?

"Napiga picha ya rangi," nikasema. "Ingia, lakini usipumulie hapa. Utando hupasuka kwa pumzi tu."

Aliingia. Akaja akasimama karibu sana nami, akainama, uso wake inchi chache kutoka kwenye waya. "Sisi tulikuwa tunapuliza na bua la papai," akasema. "Mtoni, tukifua. Anayetoa povu kubwa ndiye anaolewa kwanza." Akacheka.

Nataka uniamini katika hili dogo hata kama utayakataa mengine. Alicheka mbele ya utando, na utando haukutikisika. Nilikuwa nimefanya kazi hiyo kwa wiki nyingi. Nilijua nikikohoa upande wa pili wa chumba rangi zote huyumba. Mwanamke huyu alizungumza mbele yake kama mimi ninavyozungumza na ubao, na rangi ziliendelea kushuka kwa utulivu, waridi, kijani, dhahabu.

"Zinaonekana vizuri zaidi ukiwa chini," akasema.

"Chini ya nini?"

"Ya maji. Ukiangalia juu." Akasikiliza kidogo. Kilio kilipita chini ya mlango wa ndani. "Huyo mtoto ana siku ngapi?"

"Mwezi."

"Maskini. Analia kwa ajili yangu."

Nilisimama wima. Nilimwuliza yeye ni nani, ametoka kwa nani.

"Ayuma," akasema, wala hakuonyesha kukasirika. "Nyinyi watoto wa ndugu zangu mko na mambo. Wengine wote wanaitwanga. Mimi wananiruka. Nimesimama hapo mlangoni mpaka miguu imechoka. Waambie tu waniite, mtoto apumzike."

Ndipo nikaelewa, au nikadhani nimeelewa. Senje. Majina yake yalishindwa Jumanne, kwa hiyo ametafuta msichana huko Lubao, amemwagia maji, amemfundisha maneno, amemtuma kwa mlango wa nyuma. Nilihisi hasira, na chini ya hasira nilihisi furaha, kwa sababu sasa nilikuwa na ushahidi wa kumkamata nao. Utando ni kioo pia. Nilirudi kwenye kamera kana kwamba sina habari naye, nikatazama, na humo ndani ya mkanda wa kijani nikauona uso wake, mdogo kama punje ya hindi, akiwa nyuma yangu karibu na shuka. Nikaulenga. Nikabonyeza.

Tone la kwanza likagonga bati. Utando ukapasuka. Nilipogeuka chumba kilikuwa kitupu.

Nilikimbia hadi mlangoni. Njia ya nyuma inanyooka hatua mia moja hadi kwenye ua wa michongoma, hakuna pa kujificha. Sikuona mtu. Nikajiambia anakimbia sana. Nilichunguza sakafu, saruji iliyopakwa nta nyekundu, ambayo hata mguu mkavu huacha alama. Sikuona tone. Nikajiambia upindo wa gauni lake umepangusa. Unaona jinsi mtu aliyesoma anavyoweza kujieleza kitu chochote?

Rispa alisukuma mlango wa ndani. "Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na sabuni," nikasema.

Jumatatu nilipeleka filamu posta. Siku zile filamu ya rangi ilitumwa Nairobi, na kutoka huko ng'ambo, ikarudi ikiwa vipande vidogo vya slaidi ndani ya kisanduku. Nilisubiri. Mpango wangu ulikuwa rahisi: slaidi ikifika naipeleka Lubao, namwonyesha Senje uso wa msichana wake, na mjadala wa majina unakwisha nyumbani kwangu milele. Jina la Ayuma sikulitaja kwa mtu. Kulitaja kungekuwa kukubali kushindwa na hila.

Na mtoto aliendelea kulia. Wiki ya kwanza sauti yake ilikwaruza. Wiki ya pili ilikuwa kama mtu anayepasua kitambaa katika chumba kingine. Mikono yake ikawa myembamba hata nikaogopa kuishika. Daktari alisema tuendelee na kijiko, na safari hii hakututazama machoni.

Alfajiri moja Rispa aliniamsha. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na mtoto mapajani.

"Nikuulize kitu," akasema. "Siku ile ya mvua, chumba cha nyuma. Kama kuna kitu unajua, chochote, hata kama ni upuuzi, niambie."

Nilikuwa nalo jina mdomoni. Herufi tano. Nilifikiri juu ya slaidi iliyokuwa njiani, nikafikiri jinsi itakavyokuwa vizuri kuwa sahihi.

"Sijui kitu," nikasema. "Lala."

Kisanduku kilifika Alhamisi. Nilikifungulia pale pale posta, nikainua slaidi moja moja mbele ya dirisha. Za mwanzo zilikuwa nzuri kuliko nilivyoota, mapazia ya rangi ambayo hakuna mfumaji angeweza kuyafuma. Kisha ile ya mwisho. Uso ulikuwemo, safi, macho yakitazama lenzi. Nikacheka kwa sauti na karani akanitazama. Nilichukua baiskeli moja kwa moja hadi Lubao.

Njiani ndipo jambo moja lilianza kunisumbua. Nilisimama kando ya barabara, nikaitoa tena mfukoni. Nilipobonyeza kamera nilimwona katika mkanda wa kijani. Kwenye slaidi hapakuwa na kijani. Utando wote ulikuwa umekwisha kuwa mweusi, kutoka juu hadi chini kwenye waya, jambo ambalo sikuwahi kuliona wala sijaliona tangu hapo. Na uso ulikuwa katikati ya weusi huo. Nilikueleza weusi ni nini. Ni mahali pasiporudisha mwanga. Kioo cha namna hiyo kinawezaje kuonyesha uso wa mtu? Nilisimama hapo na baiskeli yangu, magari yakinirushia vumbi, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na la kujiambia.

Senje alikuwa uani akianika mahindi kwenye mkeka. Ile hotuba niliyoiandaa ilikuwa imekwisha njiani. Nilimpa tu slaidi, nikamwonyesha namna ya kuiinua juani.

"Huyu ni nani?" nikauliza. "Ulimtuma wewe?"

Aliitazama muda mrefu. Kisha akaketi chini, juu ya mahindi.

"Nani alikupa picha ya Ayuma?"

"Ayuma ni nani?"

"Mdogo wangu. Ananifuata mimi tumbo moja. Hukuwa umezaliwa." Alizungumza akitazama slaidi, hakunitazama mimi. "Mto Isiukhu ulimchukua tukifua. Hatukumpata. Hakuna kaburi. Na kwetu mtu asiye na kaburi hatumwitangi, tunamruka. Jumanne ile nilifika kwake, nikamruka." Akaiinua slaidi juani tena. "Hakupigwa picha yeye. Siku hizo nani alikuwa na kamera?"

Hakurudi ndani kuchukua viatu. Alipanda nyuma ya baiskeli yangu hivyo hivyo, mahindi yakiwa yamemshika kwenye gauni, na nikakanyaga pedeli hadi Kakamega bila kupumzika, nikimweleza njiani kwamba Ayuma mwenyewe alinijia akaomba aitwe.

Rispa alikuwa mlangoni. Mtoto alikuwa begani mwake, mdomo wazi, analia, na ule haukuwa tena mlio, ilikuwa pumzi tu inayokwaruza. Nilimwambia Senje amshike amwite. Alikataa.

"Aliyeambiwa ndiye anaita."

Hivyo nikamchukua. Nilijiona mjinga. Hata wakati huo, naapa kwako, sehemu yangu moja ilisimama pembeni ikinicheka. Nikamwekea mdomo sikioni nikasema, "Ayuma."

Alifunga mdomo. Hivyo tu. Alinitazama, kisha akageuza kichwa kutafuta kifua cha mama yake, na Rispa akaketi pale pale kizingitini akamnyonyesha, na tulimsikia akimeza. Hakuna muziki ninaoujua unaofanana na mlio ule.

Senje alikuwa akilia na kucheka. "Sasa," akasema, "alikuambia lini?"

Niliinama nikaanza kupangusa mahindi kwenye kiti cha baiskeli.

Rispa aliinua uso. Hakupaza sauti. "Senje anakuuliza. Alikuambia lini?"

"Jumamosi ile ya mvua."

Nilimwona akihesabu. Alihesabu mpaka mwisho, pamoja na ile alfajiri. "Siku kumi na tisa," akasema, akafunika kichwa cha mtoto kwa mkono.

Mtoto alipona. Alinenepa, akaketi, akatembea kwa wakati wake. Lakini tangu dakika ile nilipomwita hajatoa sauti. Si kilio, si cheko, si neno. Mwaka huu ameanza shule, ni mwerevu, ananiuliza maswali kwa vidole na mengine yananishinda. Akicheka mabega hutikisika na hakuna kinachosikika. Nimempeleka kwa madaktari hadi Kisumu na Nairobi. Mmoja anasema koo liliumia kwa kilio cha muda mrefu. Mwingine anasema koo ni zima kabisa. Bado nauliza, maana ndivyo nilivyoumbwa. Je, ni makovu tu ya nyama? Au ni kwamba yule aliyesimama mlangoni alingoja sana, na akaondoka na kitu cha kufidia kungoja kwake? Kamera niliiuza. Rispa hajanitupia neno hata moja kuhusu zile siku kumi na tisa, na hajawahi tena kuniuliza kama ninajua kitu.

Mtoto asiye na sauti akiota ndoto mbaya usiku, nani atamsikia? Mara moja tulimkuta asubuhi, ameketi kitandani, uso umelowa, amelia peke yake sijui kwa saa ngapi, sisi tumelala chumba cha pili. Tangu siku hiyo Rispa hufunga uzi wa pamba kwenye kifundo cha mkono wa mtoto, huupitisha chini ya mlango, na mwisho wa pili hunifunga mimi. Nilimwuliza kwa nini asijifunge yeye. Alikaza fundo, akazima taa.

Ndugu yangu unayesoma, mimi bado nafundisha fizikia, na bado nawaambia wanafunzi wasikubali kitu bila ushahidi. Lakini ukiwa na neno ambalo huenda likamtuliza mtu anayeumia, liseme leo, kisha uchunguze kesho. Likiwa la uongo utachekwa. Mimi nilikwepa kuchekwa, na sasa nalala usingizi wa nusu, nikisubiri uzi uvutwe.